Mikwaruzo midogo kwenye gari jipya: kutambua dalili, sababu na tiba ya nyumbani kwa wenye magari wa Malindi

Mtu akiona mkwaruzo kwenye gari jipya, mkono hukimbilia kitambaa kabla hajaangalia vizuri. Hapo ndipo alama ndogo nyingi hugeuka kazi kubwa ya fundi. Rangi ya gari ni nyembamba kuliko wengi wanavyodhani. Kuanzia bati hadi juu kabisa, tabaka zote kwa pamoja ni mikroni 100 hadi 150 hivi, na mikroni 1,000 ndizo milimita moja. Chini kabisa ipo praima ya kuzuia kutu, juu yake praima ya kusawazisha, kisha rangi yenyewe, halafu klia, ile ya uwazi inayotoa mng'ao na kuikinga rangi isipaushwe na jua. Klia peke yake huwa mikroni 35 hadi 50. Kila unaposugua unaipunguza, na ikishapungua hairudi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza utumie dawa gani, jua kwanza mkwaruzo umefika tabaka gani.

Jambo la pili ni chumvi. Mkwaruzo uliofika kwenye bati unaweza kuvumilia wiki kadhaa bara pasipo na mvua. Karibu na bahari, upepo wa Kusi ukivuma, bati tupu linaweza kuanza kuota wekundu ndani ya siku moja au mbili. Mikwaruzo ya juujuu inaweza kungoja hadi upate nafasi, ila ile iliyofika batini haingoji.

Tena, "gari jipya" hapa kwetu ni la aina mbili: lililotoka kiwandani bila kutumika, na lililotumika Japani likaingia Mombasa na kupata namba mpya. Hilo la kwanza soma karatasi za dhamana kabla ya kugusa msasa, kwani kuna dhamana za rangi zinazokatika ukishajitengenezea mwenyewe. Hilo la pili chukulia kwamba klia yake imeshang'arishwa na watu wengine kabla yako, ukawe mpole zaidi.

Vipimo vya kufanya kwanza

Osha sehemu hiyo kwa maji ya mfereji na shampuu ya gari. Usitumie maji ya kisima kama kisima chako kina chumvi, kwa sababu yatakuachia alama nyeupe utakazozidhania mikwaruzo. Kausha. Kisha futa kwa spiriti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu ili kuondoa waksi na mafuta yote. Bila kufuta hivyo, vipimo vyote vinavyofuata vitakudanganya.

Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo, ukiukata na si kuufuata, bila kukandamiza. Usipokwama, huenda mkwaruzo uko ndani ya klia na utatoka kwa kung'arishwa. Ukikwama, usijaribu kuusugua hadi uishe: utamaliza klia ya pembeni kabla hujafika chini yake.

Dondosha maji juu yake. Mkwaruzo unaopotea ukiwa na maji na kurudi ukikauka ni wa klia, kwa kuwa maji yameujaza mfereji wake, yaani ule ufa uliochimbwa, na mwanga ukapita bila kutawanyika. Usiopotea hata ukiwa na maji umeshaipita klia.

Mwisho angalia rangi ya chini ya mfereji, ukimulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni. Kijivu au rangi ya maziwa iliyobaki palepale baada ya maji ni praima. Kinachometa au chekundu ni bati. Cheusi kwenye bampa ni plastiki yenyewe. Kwenye gari jeusi au la samawati, mstari mweupe huwatisha watu wakadhani ni praima, kumbe mara nyingi ni klia iliyovunjika kingo. Kipimo cha maji ndicho kitakachokuambia ukweli.

Dalili: mistari ya mviringo kama utando wa buibui, inayoonekana juani tu

Hii ni mikwaruzo ya kuoshea. Sababu yake ni mchanga. Gari lililotoka Silversands au lililopita njia ya vumbi limebeba chembe ngumu mwili mzima, na kitambaa kikipita juu yake kabla ya maji mengi, chembe hizo huchora klia. Sabuni ya unga huongeza ubaya: huondoa waksi yote, na punje zisizoyeyuka nazo hukwaruza. Kufuta vumbi kwa kitambaa kikavu asubuhi, jambo linalofanywa kwa nia njema karibu kila ua, ndilo baya kuliko yote.

Tiba ni polishi laini kwa pedi ya sponji. Weka matone matatu ya ukubwa wa mbaazi, fanya eneo la sentimita 30 kwa 30, mkono uende urefu kisha upana kwa dakika moja hivi, ufute kwa kitambaa cha maikrofaiba. Halafu futa tena kwa spiriti na maji, utazame. Polishi ina mafuta yanayofunika alama, na bila spiriti utajisifu kwa kazi ambayo haijafanyika. Zisipotoka baada ya kurudia mara mbili, panda hadi kompaundi, dawa ya kusugulia iliyo kali kuliko polishi, kisha umalizie kwa polishi.

Utando huu hurudi usipobadilisha namna ya kuosha. Mwagia maji mengi kwanza bila kugusa, tumia ndoo mbili, moja ya shampuu na moja ya kusuuzia kitambaa, anza juu ushuke chini. Sketi za milango na bampa la nyuma ziwe na kitambaa chao.

Dalili: gari lilikuwa safi siku ya kulinunua, mikwaruzo imejitokeza baada ya kuoshwa mara chache

Haijazuka, ilikuwepo. Gari lililopambwa kwa ajili ya kuuzwa mara nyingi hupakwa polishi yenye kijazio, dawa inayoingia ndani ya mikwaruzo na kuificha. Sabuni na jua huiondoa polepole. Ndiyo sababu, ukiwa bado unanunua, inafaa uombe ruhusa ya kufuta kipande cha boneti kwa spiriti kabla ya kulipa. Kama umeshanunua, pima upya kama ilivyoelezwa hapo juu na utibu kila mkwaruzo kwa kina chake. Boneti na paa ndipo pa kuwa mwangalifu zaidi, kwani jua huzipiga moja kwa moja na huenda zimeshang'arishwa kupita sehemu nyingine.

Dalili hiyohiyo huwapata waliotumia dawa ya meno, mafuta ya kupikia au dawa ya kulegeza nati. Dawa ya meno ina chembe za kusugulia na inaweza kupunguza alama hafifu sana, lakini chembe zake hazikupimwa kwa ajili ya klia na huacha ukungu kwenye gari jeusi. Mafuta hayarekebishi chochote, yanaficha tu hadi mvua inyeshe.

Dalili: mstari mweupe, wa manjano au wa rangi isiyo ya gari lako

Mara nyingi rangi yako haijaondoka, bali imeongezewa ya mwingine. Pembe ya tuktuk ikikwaruza mlango hukuachia rangi yake. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliopakwa chokaa kwenye vichochoro vya Shela hukuachia chokaa.

Chokaa iondoe kwanza kwa maji ya kumwaga, kwa maana ndani yake mna mchanga na ukiifuta kavu unakwaruza upya. Iliyoganda ilainishe kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji kiasi sawa, iache dakika moja, suuza sana. Rangi ya chombo kingine ifute kwa spiriti, na ikikataa, kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, ukisugua kwa kidole kimoja juu ya alama tu na kuosha mara moja kwa shampuu. Usitumie thina. Juu ya rangi ya kiwandani iliyokomaa inaweza isidhuru ukiwa mwepesi, lakini gari likiwa limewahi kupakwa sehemu hiyo bila wewe kujua, thina itailainisha na utaondoka nayo. Mabaki ya mwisho hutoka kwa kompaundi. Ukishayatoa ndipo upime mkwaruzo halisi uliobaki chini yake. Mara nyingi utashangaa ulivyo mdogo.

Dalili: mistari myembamba sambamba ubavuni, ukucha haukwami

Ua la bogenvilia ndilo mtuhumiwa mkuu, nyumba nyingi za hapa zimezungushiwa. Mwiba huacha mistari miembamba inayoanza kwa nguvu na kufifia kuelekea nyuma ya gari, mingi pamoja, yote ikielekea upande mmoja. Ncha ya breki ya bodaboda huacha alama tofauti: mstari mmoja tu, mpana kidogo, umezama katikati na kingo zake ni butu, kwenye usawa wa kitasa cha mlango au juu yake kidogo. Tofauti hii ina maana. Mwiba hukata klia, breki huweza kubonyeza na bati pia, na pahali palipobonyea hapatanyooka kwa polishi hata ung'arishe siku nzima.

Kwa mistari ya mwiba fuata ngazi, ukianza na dawa iliyo laini kabisa: polishi, kisha kompaundi kwa mkono. Baada ya kila hatua futa kwa spiriti utazame. Mistari mingi ya ua huishia hapo, na ile inayobaki hafifu ni bora kuiacha kuliko kuifukuza.

Ukiamua kuendelea, msasa wa maji ndio wa mwisho. Unahitaji namba 2000 au 2500, na 3000 ya kumalizia. Loweka msasa dakika 15. Kata kipande cha ukubwa wa kiberiti, kizungushe kwenye raba ya shule ili shinikizo liwe sawa, kwa sababu vidole vitupu huchimba mifereji. Weka tone la shampuu kwenye maji. Funika mikunjo ya mwili wa gari na kingo za mlango kwa utepe wa karatasi wa mafundi wa rangi, maana klia kwenye kingo ni nyembamba zaidi na huko ndiko inakotoboka. Sugua mara kumi tu, polepole, mkono mwepesi, usitoke zaidi ya sentimita moja nje ya mkwaruzo. Futa, angalia, amua kama utaongeza kumi nyingine. Mkwaruzo ukibaki kwa mbali simama hapo. Kisha pita na 3000 kwa kukata mwelekeo wa kwanza hadi mikwaruzo ya 2000 ipotee, halafu kompaundi, halafu polishi.

Angalia rangi ya maji unaposugua. Maji meupe ya maziwa ni klia inayopungua, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Maji yakichukua rangi ya gari, umeshaipita klia: acha palepale, hata kama mkwaruzo bado upo. Isipokuwa gari lenyewe lisiwe na klia. Baadhi ya Toyota nyeupe za namba 040 na nyeusi za 202 zimepakwa rangi ya tabaka moja bila klia juu. Kuhakikisha, sugua polishi kidogo kwenye sehemu iliyofichika kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikibeba rangi ya gari, ni ya tabaka moja, na kubadilika kwa maji si hatari hapo, mradi usizidishe.

Kuhusu mashine: grainda iliyofungwa pedi ya sufi haifai kwa mtu asiyeizoea. Inazunguka palepale, inapasha moto, na kwenye kingo inaweza kuchoma klia kwa sekunde chache. Kwa mkwaruzo mmoja, mkono unatosha.

Dalili: ukucha unakwama, chini kuna praima

Hapa hakuna cha kusugua tena. Mfereji unajazwa. Kazi hii inawezekana nyumbani, ila lengo liwe la kweli: mkwaruzo usionekane ukiwa umesimama hatua mbili kutoka kwenye gari, bati lilindwe, ukucha upite bila kukwama. Kutoweka kabisa ni kazi ya kupuliza mlango mzima.

Anza na namba ya rangi. Toyota na Mazda huiweka kwenye kibandiko au sahani, mara nyingi nguzoni mwa mlango wa dereva au kwenye ukuta wa injini. Kwa Toyota tafuta maandishi C/TR au COLOR, na namba kama 040, 070, 1F7. Nissan tazama chini ya boneti. Usinunue kwa kukadiria kwa macho wala kwa jina "nyeupe". Toyota 040 ni nyeupe ya kawaida, 070 ni ya lulu yenye tabaka tatu: nyeupe ya chini, lulu, kisha klia. Ukipaka moja juu ya nyingine kiraka kitaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Mazda nyekundu ya 46V nayo ni ya tabaka tatu, na ndiyo ngumu kuliko zote kuilinganisha kwa brashi. Mwenye duka la rangi akuchanganyie mililita 50. Inatosha mikwaruzo mingi, na usimruhusu akuuzie lita.

Vitu vingine: klia ya brashi, praima ikiwa bati linaonekana, spiriti, vijiti vya meno, brashi ndogo namba 0 au 00, kadi nyeupe ya kujaribia.

Hali ya hewa inaamua mengi. Alfajiri ya Malindi ina umande, na rangi ikikauka penye unyevu mwingi hushika ukungu mweupe. Alasiri upepo wa bahari huleta mchanga. Wakati mzuri ni kuanzia saa nne asubuhi, kivulini, umande umeshapotea na bati halijapata moto. Weka nyuma ya mkono kwenye bati: ukishindwa kuutuliza sekunde tano, ni moto mno. Usifanyie chini ya mwembe wala chini ya makuti, kwa kuwa utomvu na vumbi la makuti hudondokea rangi mbichi. Miezi ya Kaskazi, Desemba hadi Machi, ni rahisi zaidi. Mwezi Mei mvua zikiwa nyingi ni afadhali ufunike mkwaruzo ukasubiri.

Kazi yenyewe: toa kingo zilizolegea kwa kijiti cha meno, futa kwa spiriti safi, acha ikauke. Tikisa chupa dakika mbili kamili. Rangi zenye vimetameta huzama chini, na ukipaka bila kutikisa utapata rangi isiyo ya gari lako. Jaribu kwenye kadi, iache ikauke, ishikilie kando ya mlango mwangani. Kisha chovya ncha ya kijiti, gusa katikati ya mfereji, uache rangi itiririke yenyewe hadi kwenye kingo. Usipake kama unavyopaka ukuta. Rangi inayotoka nje ya mfereji ndiyo inayoonekana baadaye, kwa hiyo ifute mara moja kwa kitambaa kilichozungushiwa kwenye kadi ngumu na kulowanishwa spiriti, ukipitisha juu bila kuzama ndani.

Ikikauka hunywea. Hiyo ndiyo sababu ya kuweka tabaka mbili au tatu nyembamba, dakika 30 hadi saa moja kati yake. Tabaka nene moja hukauka juu na kubaki bichi ndani, halafu hupasuka au hubonyea. Rangi iishie chini kidogo ya usawa wa mwili wa gari, klia ndiyo ijaze kilichobaki na kupanda kidogo juu. Klia nayo tabaka mbili.

Kisha subiri. Siku mbili ndio mwanzo, wiki ni bora, na kwenye unyevu wa Kusi wiki si nyingi. Wengi huharibu kazi nzuri hapa, wakiisugua jioni ileile na kung'oa kila kitu. Ikishakomaa, sawazisha kimlima kilichobaki kwa msasa wa 2500 kwenye raba, utepe wa karatasi ukiwa umefunika pande zote mbili, halafu 3000, kompaundi na polishi. Waksi isiwekwe juu ya kiraka kwa siku 30, ili vimiminika vilivyobaki ndani vipate pa kutokea.

Dalili: bati linaonekana, au wekundu umeanza

Kama huwezi kuitengeneza leo, suuza kwa maji ya mfereji, kausha, na ubandike utepe wa plastiki au upake waksi nene. Usiache wazi ukiwa na gari linalolala karibu na ufuo. Rangi ya kucha ya uwazi huzuia hewa, ila kuitoa baadaye ni shida na kiondoa rangi ya kucha hudhuru rangi ya gari.

Siku ya kutengeneza, kutu yote itoke. Sokota kipande cha msasa wa 400 kwenye ncha ya njiti ya kiberiti, kwaruza ndani ya mfereji tu hadi bati ling'ae. Madoa meusi yaliyojichimbia yapake dawa ya kubadilisha kutu kwa ncha ya kijiti, ukifuata muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha uisafishe kama chupa inavyoagiza. Halafu praima, tabaka mbili nyembamba, na isiyopungua saa moja kabla ya rangi. Ukipaka rangi juu ya kutu, au juu ya chumvi isiyosuuzwa, baada ya wiki chache utaona vilengelenge vinavyopanuka pembeni ya kiraka. Chumvi huvuta maji kupitia rangi, na hapo utalazimika kuifumua upya.

Sumaku isiyonata kwenye boneti inaonyesha kwamba ni alumini, kama ilivyo kwa baadhi ya Subaru. Hiyo haioti wekundu bali hutoa unga mweupe, na inataka praima inayokubali alumini.

Dalili: mkwaruzo wa bampa, chini ni nyeusi

Plastiki haishiki kutu, basi hakuna haraka. Tatizo lake ni kushikamana: rangi iliyowekwa juu ya plastiki tupu hubanduka kwa maganda. Kabla ya rangi paka dawa ya kushikizia plastiki, tabaka moja nyembamba. Vinyoya vya plastiki vilivyosimama pembeni vikate kwa wembe mpya ulioulaza, kwani ukivisugua vinaota zaidi. Mashine ya kung'arishia usiitumie kabisa hapa, plastiki haisambazi moto kama bati.

Dalili: alama inafanana na mkwaruzo, ila haina mfereji

Duara nyeupe ngumu ni chumvi na chokaa za maji ya kisima zilizokaukia juani. Siki na maji nusu kwa nusu, dakika moja, kisha suuza. Zikiwa zimechoma klia, polishi. Doa la zambarau au la kahawia chini ya mkungu au mwembe ni kinyesi cha popo, na doa lenye kingo zilizovimba ni la kunguru. Yote mawili yalainishwe kwa kitambaa cha maji dakika kumi bila kusugua, kwa maana ndani yana mbegu na changarawe. Yakikaa siku nzima juani huchimba klia, na ile pete inayobaki huenda isitoke yote. Ukungu mweupe juu ya paa wenye kingo za kubanduka ni klia iliyokufa, na hauna tiba ya polishi, unataka kupakwa upya.

Umemaliza, na sasa kuna shida mpya

Pahali pamekuwa na ukungu: mikwaruzo ya msasa wa 2000 haikumalizwa na 3000, au umeacha kompaundi bila kufuata na polishi. Rudi hatua moja nyuma tu, usianze na msasa upya.

Kiraka kimekuwa cheupe kama maziwa baada ya kukauka: unyevu umeingia wakati wa kupaka. Mara nyingine hutoweka kwenye joto la kivuli kikavu siku inayofuata. Kisipotoweka, kipanguse na kupaka tena saa ya ukavu.

Kiraka ni cheusi kuliko gari: kama rangi ni ya vimetameta, brashi hulaza vimetameta tofauti na bunduki ya kupulizia, kwa hiyo tofauti kidogo haiepukiki. Kama tofauti ni kubwa, chupa haikutikiswa au namba si yenyewe. Gari lililokaa juani miaka kadhaa nalo hupauka, na rangi ya namba sahihi huonekana nzito juu yake.

Kiraka kimebonyea baada ya wiki: rangi imenywea. Ongeza klia, tabaka moja, usubiri tena.

Kiraka kimebanduka chote: waksi haikutolewa kwa spiriti, au ni plastiki bila dawa ya kushikizia.

Pametokea doa lisilo na mng'ao, lenye rangi kavu, ambalo kompaundi hailing'arishi: klia imetoboka. Kusugua zaidi kutalipanua. Paka klia ya brashi ili kuikinga na jua kwa muda, kisha umpelekee fundi wa rangi. Mwambie ukweli, uonyeshe ulipofikia na msasa, umpe na namba ya rangi. Muulize kama klia atakayotumia ni ya kuchanganywa na hadina, dawa ya kuikaza, kwa sababu isiyo na hadina hailistahimili jua la hapa kwa muda mrefu. Akubali kupuliza mlango au fenda nzima hadi kwenye kingo zake, kwani klia iliyokatishwa katikati ya mlango huanza kubanduka kwenye mstari wa mkato. Klia hiyo ya hadina usiipulize mwenyewe uani: moshi wake una kemikali inayodhuru mapafu, na kitambaa cha kufunika pua hakiizuii.